SOMO LA VIKUNDI: BINTI YETU ASOMEE USTAWI WA JAMII AU USHAURI NASAHA?



Somo la toleo hili halikutoka kwa kitabu. Limetoka kwenu wenyewe, hapa Nadapal, siku ile ya kuhesabu pesa za vikapu chini ya mti. Mama mwenyekiti alipomaliza hesabu alitoa barua, katibu akaisoma kwa sauti. Ilikuwa ya binti wa mmoja wetu. Binti huyo ana shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii. Alifanya kazi miaka mitatu kule Kakuma, katika mradi mmoja wa kuhudumia watoto wakimbizi, mpaka mradi ukafungwa mwaka wa 2025 baada ya Marekani kusimamisha misaada yake. Sasa amekaa nyumbani. Anataka kurudi kusomea shahada ya pili, ile inayoitwa uzamili, na vyuo viwili vimemwita. Kimoja kimempa nafasi ya ustawi wa jamii, kingine ushauri nasaha. Anaomba kikundi kimsaidie karo ya muhula wa kwanza. Na mwisho wa barua ameandika: "Mniambie pia nichukue gani."

Mnakumbuka vile ilikuwa. Ata mmoja aliuliza, "Kwani kuongea na watu siku hizi kunasomewa?" na watu wote wakacheka. Mweka hazina hakucheka, yeye alitaka kujua ni masomo gani yataleta mshahara haraka. Halafu mama mzazi wa huyo binti, ambaye alikuwa amenyamaza tu akisuka kikapu chake, akasema polepole: "Huyu mtoto halali usiku tangu atoke kazi. Mimi nauliza kama hayo masomo yatamponya ama yatamzidishia."

Niliomba mnipe muda. Maswali hayo matatu yote ni mazuri, hata lile la kuchekesha, na ningeyajibu papo hapo ningewadanganya.

KAZI HIZI MBILI ZINAFANANA WAPI, ZINAACHANA WAPI

Wacha tumfikirie mama mmoja, wa mfano tu. Mume wake ameuawa katika uvamizi wa mifugo. Mbuzi wamechukuliwa. Ana watoto wanne, na shemeji anasema ngamia wawili waliobaki ni wake.

Mfanyakazi wa ustawi wa jamii akifika kwa huyo mama anaanza kutazama pande zote za maisha yake. Kuna chakula? Watoto bado wanaenda shule? Marehemu alikuwa na kitambulisho, na hati ya kifo imetafutwa? Jina la huyu mama liko kwa orodha ya pesa za HSNP? Kama kuna mzee wa miaka 70 na zaidi hapo nyumbani, ameandikishwa Inua Jamii apate zile shilingi 2,000 za mwezi? Anaandika faili. Anaenda kwa chifu, anaketi na wazee juu ya ngamia, anampeleka mtoto mmoja kwa ofisa wa watoto, anarudi baada ya wiki mbili aone kilichofanyika. Na akiona kwamba wajane wengi wa eneo hilo wameachwa nje ya orodha, hatakiwi kunyamaza. Anatakiwa kuuliza orodha ilitengenezwa vipi na nani. Hiyo nayo ni sehemu ya masomo yake: kutazama mtu, na pia kutazama ule mpango unaomwacha mtu nje.

Mshauri nasaha akikutana na mama huyo huyo anashika upande mwingine. Huyu mama halali. Mlango wa bati ukigongwa na upepo anaruka, anafikiri ni bunduki. Anamchapa mtoto bila sababu halafu analia. Mshauri anampa saa moja, mahali palipotulia, wiki moja baada ya nyingine. Anasikiliza. Anamsaidia kuyapa majina yale yanayompata, kuomboleza kilichopotea, kuyatazama mawazo yanayozunguka kichwani usiku mpaka yapungue nguvu. Kwa kawaida haendi kwa chifu kwa niaba yake. Haleti unga. Na anayoambiwa hayatoi nje, isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini au mtoto anaumizwa. Hapo lazima aseme, na mteja anaelezwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Sasa swali la ata. Kuongea tu hakusomewi, ni kweli. Wazee wetu wamepatanisha watu chini ya mti tangu zamani bila cheti cha mtu yeyote. Lakini hapa jina la Kiswahili linatupoteza kidogo. Ushauri ni kumwambia mtu la kufanya, nasaha ni hivyo hivyo, na tumeyaweka maneno yote mawili pamoja kana kwamba moja halitoshi! Mshauri aliyefundishwa vizuri hushauri kidogo sana. Kazi kubwa ni kujizuia asitoe shauri mpaka mwenye shida aone njia yake mwenyewe. Jaribuni jioni ya leo: mtu akikuletea shida, kaa nusu saa bila kumwambia afanye nini. Utaona kwa nini kinasomewa.

VILIKOTOKA

Nitapita hapa haraka. Ustawi wa jamii wa kusomea ulikua kutokana na umaskini wa miji mikubwa. Mwaka wa 1889 Jane Addams na mwenzake walifungua nyumba iliyoitwa Hull House katika mtaa wa wahamiaji maskini mjini Chicago, wakaishi nao, wakaanza kupigania mambo kama taka za mtaani na kazi za watoto viwandani. Mwaka wa 1917 Mary Richmond akaandika kitabu cha kufundisha jinsi ya kuchunguza shida ya familia kwa utaratibu. Faili mnazoziona kwa ofisi zetu ni wajukuu wa kitabu hicho. Hapa Afrika Mashariki, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka wa 1973.

Ushauri nao ulianza na swali kama hili letu hasa. Mwaka wa 1908 Frank Parsons alifungua ofisi Boston ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Baadaye, mwaka wa 1942, Carl Rogers akaandika kwamba mtu akisikilizwa kwa heshima na bila kuhukumiwa ana uwezo wa kujipatia jibu. Kwetu Kenya wengi walilisikia neno "counselling" kwa mara ya kwanza baada ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi na zaidi ya watu 200 wakafa. Mifupa iliunganishwa hospitalini, lakini maelfu ya walionusurika walibaki na usiku usioisha. Hapo ndipo serikali na makanisa waliona washauri hawatoshi.

NILIPOKOSEA MIMI

Hapa lazima niseme jambo langu, msije mkafikiri nawapimia binti wa watu bila kujipima.

Mimi nina diploma ya ustawi wa jamii na nimefanya kazi hii miaka mingi. Katika ukame mmoja nilikuwa naandikisha watu wa msaada. Mama mmoja alikuja mara tatu juu ya kadi yake. Nilishughulikia kadi, ikatoka. Mara ya tatu aliniuliza, "Mama asipokuwepo, watoto huchukuliwa na nani?" Nikamjibu vizuri kabisa kama nilivyofundishwa: kwanza jamaa, halafu chifu anajulishwa, halafu ofisa wa watoto. Nikaandika kwa faili: ameulizia malezi. Niliona pia shingo yake iko wazi, hana shanga. Baadaye ndiyo nilijua alikuwa amempa mtoto wa dada yake.

Siku mbili baada ya hapo alijaribu kujiua. Ndugu zake waliwahi. Yuko hai mpaka leo, na tunasalimiana.

Kila kitu katika faili yake kilikuwa sawa. Kadi, majina ya watoto, hesabu ya mifugo. Mtu mwenyewe hakuwemo. Na mimi sikuwa mvivu wala mkali, nilikuwa nimefundishwa kusikia swali la kadi, na yeye alikuwa ananiuliza kitu kingine. Tangu siku hiyo nilitafuta kozi fupi za ushauri, nikajifunza lile ambalo ningependa kila kiongozi wa kikundi alijue: mtu akiongea hivyo, muulize wazi wazi, "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kupumua. Kisha usimwache peke yake, mpeleke zahanati au hospitali. Zamani familia ziliogopa kusema kwa sababu ya polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa hivyo mtafuteni msaada bila kuficha.

Upande wa pili nao nimeuona. Nilikaa siku moja na mshauri kijana aliyekuja na mradi, ana vyeti vizuri, moyo mzuri. Alimwuliza mama mmoja, "Unajisikiaje ndani yako?" Mama akamwangalia, akasema, "Nimekaa hapa saa moja na maji sijachota." Akaondoka na mtungi wake. Yule kijana aliumia, lakini mama alikuwa amemjibu ukweli. Kiu ilikuwa ndiyo hisia ya kwanza.

MASOMO YENYEWE

Diploma, shahada na uzamili ni ngazi. Kwa hesabu ya taifa diploma iko ngazi ya 6, shahada ya kwanza ya 7, uzamili ya 9. Mimi mwenye diploma siwezi kuruka kutoka 6 mpaka 9, hata nikiwa na mvi. Binti yetu yuko 7, kwa hivyo njia iko wazi kwake. Uzamili kwa kawaida huchukua miaka miwili, na utafiti wa kuandika ukichelewa, miaka huongezeka. Karo ya muhula wa kwanza ni mwanzo tu, tusijidanganye.

Katika ustawi wa jamii atasoma sera, sheria, utafiti, kuendesha miradi na watu, kupanga bajeti, kusimamia wengine. Akimaliza anatazamiwa kuwa juu ya wale wanaokwenda manyattani: kupanga kazi, kuandika mapendekezo, kuhojiana na serikali. Watu wengi hawalijui hili. Wanasoma uzamili wa ustawi wakidhani watamkaribia zaidi mwenye shida, kumbe wanapewa ofisi na kompyuta.

Katika ushauri atasoma jinsi akili na moyo hufanya kazi, njia mbalimbali za kutibu kwa mazungumzo, huzuni, ulevi, familia, maadili ya siri. Halafu sehemu ngumu: saa nyingi za kukaa na wateja wa kweli huku msimamizi akifuatilia kazi yake. Vyuo vingi pia humtaka mwanafunzi mwenyewe akae kwenye kiti cha mteja, aongee yake. Mama mzazi, hilo liweke moyoni, nitalirudia.

Kuna jambo la sheria. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014, na chini yake kuna Bodi inayosajili watu na kutoa leseni. Kuweka kibao mlangoni bila kusajiliwa ni kutafuta kesi. Kwa hivyo kabla shilingi yenu haijatoka, binti aiulize Bodi kwa maandishi kama kozi hiyo ya chuo hicho inakubalika kwa usajili. Tena aiulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama chuo kimeruhusiwa kufundisha kozi hiyo. Barua mbili tu. Nimeona mzazi aliyeuza ng'ombe kwa cheti ambacho baadaye hakikufungua mlango wowote.

Mtasikia pia sauti za jamaa waliohamishwa kutoka Kakuma kwenda Marekani. Wakipiga simu wanasema, "Achukue ustawi, unafungua milango yote miwili." Kwa huko wanakoishi ni kweli. Marekani mwenye uzamili wa ustawi wa jamii, ambao unadai saa zisizopungua 900 za kazi ya vitendo, anaweza kuendelea chini ya msimamizi, akafanya mtihani, akapata leseni ya kutibu kwa mazungumzo. Lakini binti yetu anataka kufanya kazi Turkana, na hapa mlango wa ushauri una ufunguo wake. Ushauri wa simu ya mbali usikilizwe, ila upimwe na sheria ya mahali.

MSHAHARA

Mweka hazina, nimefika kwako.

Miaka mingi hapa kwetu kazi ilikuwa na jina moja: Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka wa 1992, na watoto wetu wenye vyeti walitegemea mashirika ya huko. Mwaka wa 2025 tumeona jinsi nguzo hiyo inavyoweza kuanguka kwa miezi michache: miradi ilifungwa na chakula cha wakimbizi kikapunguzwa sana. Kwa hivyo anayewaambia "asomee hiki, kambini kuna kazi" anazungumza habari za zamani. Kambi bado ipo na watu wake wanahitaji huduma zote mbili kuliko jana, lakini haja ya watu na pesa za kulipa mshahara ni vitu viwili.

Ustawi wa jamii una milango mingi zaidi. Kuna idara ya watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeongeza kazi za ofisi hizo. Kuna kaunti, hospitali, mahabusu za watoto, mashirika, dayosisi. Mlango mmoja ukifungwa unagonga mwingine. Ushauri una milango michache: hospitali, shule na vyuo, miradi ya wakimbizi, au kufungua ofisi yako. Hiyo ya mwisho Nairobi inawezekana. Hapa Nadapal nani atatoa pesa kwa saa moja ya kusikilizwa, na mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa wakati wa ukame? Hakuna. Mshauri wa hapa ataishi kwa kuajiriwa au hataishi.

Kwa hivyo ukiuliza mshahara peke yake, jibu ni ustawi wa jamii. Nimesema.

LAKINI MTAZAMENI BINTI HUYU

Swali la kuchagua kati ya masomo mawili halina jibu la kila mtu. Kwa mtu anayeenda shahada ya pili, la kwanza kuuliza ni: tayari ameshika nini mkononi? Kama angekuwa mwalimu au muuguzi anayetaka kuingia kazi ya jamii, ningesema bila kusita achukue uzamili wa ustawi wa jamii, ndio unaompa uwanja mpana. Lakini huyu ana shahada ya kwanza ya ustawi, na miaka mitatu ya kambini ya kuandika faili, kutafuta jamaa za watoto, kupeleka kesi mahakamani. Kazi hiyo anaijua. Akiongeza uzamili wa ustawi atakuwa na mguu mmoja mrefu. Akiongeza ushauri atakuwa na miguu miwili: tangazo la ustawi likitoka anaomba kwa shahada ya kwanza, la ushauri likitoka anaomba kwa ya pili. Na katika nchi hii ya uvamizi, ukame na wakimbizi, mtu anayeweza kupeleka hati ya kifo kwa ofisi na pia kukaa na mjane usiku wake mrefu ni wa nadra sana.

Isipokuwa moja. Kama lengo lake ni kuongoza, yaani kusimamia idara, kupanga bajeti za kaunti, kubadilisha zile orodha, basi achukue ustawi wa jamii na asione haya. Tunawahitaji watu hao vilevile, na mtu asiyependa kukaa kimya mbele ya machozi ya mwingine asilazimishwe. Hilo ni yeye wa kujibu. Sisi hatuwezi kumjibia.

Sasa mama mzazi. Binti asiyelala baada ya miaka mitatu ya kusikia habari za watoto walioumizwa hana laana, wala si dhaifu. Mizigo ya wengine imebaki mwilini mwake, na hiyo inawapata wengi wa kazi hii. Wengi wanaokwenda kusomea ushauri wanakwenda na kidonda chao. Si vibaya. Kidonda kilichotazamwa kinamfanya mtu awe mpole. Kisichotazamwa kinamfanya alie badala ya mteja, au amzuie mteja kulia. Darasani atafundishwa kutibu, na hata kile kiti cha mteja nilichotaja hakitoshi kuwa matibabu yake. Ushauri wangu, na huu ni ushauri kweli: atafute mshauri wake mwenyewe SASA, kabla ya muhula kuanza. Kama baada ya miezi michache usingizi umerudi na bado anataka, aende. Vyuo humkubali mtu akiomba kuahirisha nafasi, ila aombe kwa maandishi mapema.

BENCHI LA BIBI

Kuna habari ya Zimbabwe inayotuhusu. Mwaka wa 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, hakuwa na wauguzi wala vyumba vya kutosha katika mtaa wa Mbare, Harare. Akaanza na bibi 14 wa mtaani na benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi hao walifundishwa kusikiliza kwa utaratibu. Kwa Kishona wana neno, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, na ndilo walilotumia badala ya majina ya hospitali. Mgonjwa alikaa na bibi mara sita hivi, wakachagua shida moja, wakaitafutia hatua ndogo. Baadaye waliohudumiwa walialikwa kwenye kikundi, wakishona mifuko pamoja. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2016, wa watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi na bado walikuwa na dalili za huzuni nzito walikuwa 14 tu katika kila 100. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50.

Nawaambia haya kwa sababu mbili. Kwanza, ata aliyeuliza kama kuongea kunasomewa angekuwa mwanafunzi mzuri sana wa benchi hilo. Pili, binti yetu akirudi na ushauri peke yake, atahudumia watu wachache kwa wiki, halafu atachoka. Akirudi na kuwafundisha akina ata kumi wa vikundi vyetu vya vikapu, na yeye akabaki msimamizi wa kesi ngumu, hapo masomo yake yamekuwa ya wengi.

Asidhani itakuwa rahisi. Atafundishwa kwa Kiingereza na kufanya kazi kwa Kiturkana. Maneno ya hali hizi hatayapata chuoni, atayatafuta kwa wazee. Chini ya mti wa wanaume hatapewa nafasi ya kumwuliza mzee juu ya machozi yake, itabidi apate mwanamume wa kushirikiana naye. Na siri ataiwekaje mahali ambapo kila mtu anaona nani ameingia nyumba gani? Mimi mazungumzo yangu mazuri zaidi na akina mama yamefanyika tukitembea kwenda kuchota maji lagani. Hakuna anayeshangaa kuona wanawake wawili wenye mitungi.

PESA ZA KIKUNDI

Msiuze mbuzi wa kikundi wakati bei iko chini. Msiguse ile akiba ya dharura, maana mtoto wa mtu ataugua kabla muhula haujaisha. Ombeni chuo karatasi ya karo yote mpaka mwisho, pamoja na gharama za utafiti na usimamizi, muone mlima mzima kabla ya kupanda. Binti aende HELB aulizie mkopo wa uzamili, na ofisi ya kaunti aulizie bursari, kabla ya kikundi kujaza pengo. Mkitoa, lipeni kwa akaunti ya chuo na mbaki na risiti.

Je, aandikishwe mkataba wa kurudi? Baadhi yenu mlisema arudi miaka mitano. Mimi naona tutamfunga mahali ambapo huenda hakuna kazi, na atarudi na chuki. Kuna kitu kidogo na cha uhakika: saa zake za vitendo. Lazima azifanye mahali fulani. Aombe chuo kimruhusu azifanye zahanati ya karibu na hapa wakati wa likizo ndefu, na msimamizi atafutwe Lodwar au Kakuma. Hapo kikundi kitakuwa kimelipwa kabla hajamaliza masomo.

MASWALI YA KUJADILIANA

Gawanyikeni vikundi vidogo vya watu watano watano, akina ata wasiwekwe pamoja. Kila kikundi kiwe na mtu wa kukumbuka majibu kama hakuna wa kuandika.

1. Mara ya mwisho mtu wa hapa kwetu alipopata msiba mkubwa, ni msaada gani ulifika, na ni upi haukufika kabisa?

2. Nani kati yetu watu humwendea usiku wakiwa na shida? Kwa nini yeye?

3. Kama kungekuwa na benchi moja Nadapal, lingewekwa wapi ili mtu akae bila kuogopa macho?

4. Kikundi chetu kinaweza kutoa kiasi gani bila kugusa akiba ya dharura? Semeni namba.

5. Mweka hazina na mama mzazi wakae pamoja kwa swali hili peke yao: kama binti akichagua tofauti na tunavyopenda, bado tutatoa?

Katibu alete majibu kwangu kabla ya kikao kijacho, siku ya vikapu. Binti ameahidi kuhudhuria.